Mbegu ya jamii ya mchungwa haianikwi

Mkulima wa Dodoma amezoea kuanika. Mtama, uwele, karanga, vyote hupigwa jua hadi vikauke ndipo viingie ghalani. Mbegu ya jamii ya mchungwa ukiifanyia hivyo, umeiua. Wengi hupanda mbegu zilizokauka, wakangoja miezi, kisha wakalaumu udongo.

Siku hizi wapo wanaouliza kuhusu Poncirus trifoliata, mchungwa wa majani matatu unaotoka China. Sifa zake ni za kweli. Wakati wa baridi hupukutisha majani, na huvumilia hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Tunda lake ni chungu, lakini mti huu ni shina zuri la kubebeshea, yaani la kupandikizia kijitawi cha mti mwingine, kwani mizizi yake hustahimili ugonjwa wa kuoza. Kwetu, hata Juni na Julai, baridi haiui mchungwa. Kinachotusumbua ni ukame na chumvi, na hapo mti huu ni dhaifu: kwenye udongo wa chokaa au magadi, majani huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Mwenye kisima cha maji ya chumvichumvi namshauri atumie mchenza wa Cleopatra. Mwenye kichanga kisichotuamisha maji atafute limau kali (rough lemon).

Shina lolote utakalochagua, chuma tunda lililoiva mtini, usiokote la chini, maana hubeba vimelea vya kuozesha miche. Osha mbegu utelezi uishe, ziache kivulini zikauke maji ya juu tu, uzipande wiki hiyohiyo, kina cha sentimita 1 hadi 2, kwenye viriba vyenye kichanga na samadi iliyooza vizuri. Ukilazimika kuzihifadhi, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, uziweke kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha. Weka kitalu kivulini. Udongo uwe na unyevu, usilowe chepechepe. Kukiwa na joto, huota baada ya wiki 2 hadi 4.

Usishangae mbegu moja kutoa miche 2 au 3. Mingi kati ya hiyo hutokana na tishu za mti mama bila kurutubishwa na chavua, hivyo hurithi tabia zake zote, na ndiyo tunayoitaka. Tenganisha ingali midogo. Ikifikia unene wa penseli, ibebeshe kikonyo, yaani kijitawi, cha mchungwa unaoupenda. Mche wenye majani au kimo tofauti na wenzake ung'oe mapema, hata kama umenawiri kuliko yote.