Lebo za achari na bahasha za harusi kwa LibreOffice: rula kwanza, kompyuta baadaye

Kazi mbili ndizo zinazoniletea wateja wenye hasira hapa dukani, mtaa wa Langoni, Lamu: lebo zilizochapwa nusu ndani ya stika na nusu nje yake, na bahasha za harusi zilizotoka na jina la mwalikwa limesimama kichwa chini. Wote huja na neno lile lile, kwamba printa ni mbovu. Naiangalia printa, haina neno. Kilichokosekana ni rula.

Ukiandika barua na printa ikaisogeza milimita tatu kushoto, hakuna atakayejua. Karatasi ya lebo haikupi nafasi hiyo. Imeshakatwa kiwandani, mistari yake haisogei, na maandishi yako ndiyo yatakayoifuata. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ubonyeze wapi, jua vipimo vya karatasi uliyonunua.

Programu ya kuandikia ninayotumia ni LibreOffice Writer. Ni ya bure kabisa, haidai leseni kila mwaka, na inafanya kazi hata kwenye laptop ya zamani ambayo mwenyewe alikuwa keshaifanya ya watoto kuchezea. Ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, na wakongwe wa kazi hii watakumbuka kwamba OpenOffice iliwahi kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kompyuta nyingi za huku kwetu, hata hivyo, zina menyu za Kiingereza, kwa hiyo nitazitaja kama unavyoziona kwenye skrini.

Fungua File, kisha New, kisha Labels. Litatokea dirisha lenye kurasa tatu: Labels, Format na Options. Watu huishia ukurasa wa kwanza, wakaandika jina la biashara na kubonyeza New Document. Wa pili, Format, ndio wenye kazi yenyewe.

Kama pakiti yako ina namba ya aina inayojulikana, umepona nusu ya safari. Kwenye ukurasa wa kwanza chagua Brand, kisha Type, na vipimo vitajijaza. Angalizo moja tu: Avery, kampuni itengenezayo lebo, imegawanywa kwenye orodha, kuna ya A4 na kuna ya Letter. Letter ni karatasi ya Marekani, milimita 216 kwa 279, na A4 yetu ni 210 kwa 297. Ukichagua ile ya Letter ukaweka A4 kwenye printa, hakuna mstari utakaokaa mahali pake.

Pakiti nyingi zinazouzwa madukani hazina namba yoyote, au zina namba ya kiwanda ambayo programu haiijui. Hapo ndipo rula inapoingia. Tuchukue mfano wa L7160 ya Avery kwa sababu ni ya kawaida na vipimo vyake viko wazi: lebo 21 kwa karatasi, safu tatu za kwenda chini, mistari saba. Kila lebo ina upana wa milimita 63.5 na kimo cha 38.1. Kutoka ukingo wa kushoto wa karatasi hadi lebo ya kwanza, yaani Left margin, ni 7.2, na kutoka juu, yaani Top margin, ni 15.1.

Sasa kuna vipimo viwili vinavyowachanganya watu, navyo ni Horizontal pitch na Vertical pitch. Hivi si upana wala kimo cha lebo. Ni umbali kutoka pale lebo moja inapoanzia hadi pale ya jirani yake inapoanzia, pamoja na mwanya ulio katikati. Kwenye L7160 umbali wa kwenda kulia ni 66, maana kuna mwanya wa milimita 2.5 kati ya lebo na lebo. Wa kwenda chini ni 38.1, sawasawa na kimo chenyewe, kwa sababu mistari imeshikana bila mwanya.

Usipime lebo moja ukaridhika. Rula ya shule haisomi vizuri chini ya nusu milimita, na kosa la nusu milimita likirudiwa mstari kwa mstari linakuwa milimita tatu ukifika mstari wa saba. Pima kutoka juu ya lebo ya kwanza hadi juu ya lebo ya mwisho kwenda chini, kisha gawanya kwa idadi ya mistari kasoro moja. Kwa mfano wetu utapata 228.6, gawanya kwa sita, 38.1. Halafu hakikisha hesabu inakubali: 7.2, ongeza 66 mara mbili, ongeza 63.5, unapata 202.7. Kwenye karatasi ya 210 inabaki 7.3 upande wa kulia, karibu sawa na kushoto. Jumla ikizidi upana wa karatasi, kuna mahali rula ililala vibaya.

Ukishamaliza bonyeza Save iliyo kwenye ukurasa huo huo wa Format, uipe jina utakalolikumbuka. Mimi huzipa jina la duka nililonunulia na idadi ya lebo, basi.

Kabla ya kugusa karatasi ya lebo, chapa kwenye karatasi ya kawaida. Ilaze juu ya karatasi ya lebo, uzielekeze zote mbili dirishani penye mwanga, utaona maandishi yanakaa wapi. Na hapa ndipo fundi anapotofautiana na mtu wa kubahatisha. Kama maandishi yamepotoka kwa kiasi kile kile kila mahali, juu na chini sawa, kosa liko kwenye Left margin au Top margin, au printa yako huvuta karatasi pembeni kidogo. Rekebisha namba moja na umemaliza. Lakini kama lebo za juu ziko sawa na za chini zinazidi kupotea kadiri unavyoshuka, usiguse margin. Kosa liko kwenye pitch, au kuna kitu kimeipunguza kurasa nzima.

Hicho kinachoipunguza, mara nyingi, ni PDF. Mtu hutengeneza kazi nyumbani vizuri, akaitoa PDF, akaileta dukani kwenye fleshi. Programu ya kusomea PDF ikakuta imewekwa Fit, yaani ikaze kurasa iingie ndani ya eneo linalochapika, na kurasa ikashuka hadi asilimia 97. Asilimia tatu ya urefu wa 297 ni karibu milimita tisa. Chagua Actual size au asilimia 100, siku zote. Mwenye saiba asipokuuliza, mwambie wewe.

Tukiacha vipimo, kuna lebo zote zinazofanana, kama za mitungi ya achari ya embe, na kuna lebo ambazo kila moja ina jina lake. Kwa zinazofanana, ingia Options na utie alama Synchronize contents kabla ya kutengeneza hati. Ukifungua, utaona kitufe cha Synchronize Labels. Panga lebo ya kwanza ya juu kushoto peke yake, herufi, rangi, picha ndogo ya embe ukipenda, kisha bonyeza kitufe, na nyingine zote zitaiiga. Usihariri lebo ya katikati. Mabadiliko yake yatafutwa ukibonyeza tena.

Kuna bibi anayeuza achari yake hadi Malindi ambaye kila mara huniuliza, "Mwanangu, kwani maandishi yote haya ya nini, si watu wanaijua achari yangu?" Humjibu, "Wa hapa wanaijua, bibi. Wa dukani huko Malindi hawakujui." Chakula kilichofungwa kwa ajili ya kuuzwa kinatakiwa kionyeshe jina la chakula, viungo vilivyotumika, uzito, mtengenezaji na anwani yake, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Lebo ya milimita 63.5 kwa 38.1 haitoshi hayo yote kwa herufi zinazosomeka. Kwa mitungi ya achari napendelea ile ya lebo 14 kwa karatasi, 99.1 kwa 38.1, na tarehe tunaiacha wazi ili aipige muhuri mwenyewe kila anapopika.

Na achari ina mafuta, na mtungi hutoka jasho. Wino wa printa nyingi za tangi, hasa ule wa rangi, huyeyuka ukiguswa na maji. Tona, yaani unga wa wino wa printa ya leza, haiyeyuki kwa maji. Kwa bidhaa yoyote itakayoshikwa na mikono mibichi, chapa kwa leza, ila hakikisha pakiti imeandikwa kwamba karatasi hiyo inafaa kwa leza. Ndani ya leza kuna sehemu ya kukaangia tona ambayo joto lake hukaribia nyuzi 200. Lebo isiyolihimili joto hilo huyeyusha gundi yake humo, na gharama ya kutengeneza printa itazidi faida ya achari ya msimu mzima.

Bahasha

Bahasha zina majina yake, na ukiyajua hutaponzwa na muuzaji. DL ni 110 kwa 220, inachukua A4 iliyokunjwa sehemu tatu. C6 ni 114 kwa 162, ya kadi ya A6. C5 ni 162 kwa 229, ya A5. Kadi nyingi za harusi za hapa ni za kupimwa kwa rula, kwa sababu bahasha zake hutoka Mombasa na kila msambazaji ana umbo lake.

Fungua Insert, kisha Envelope. Ukurasa wa kwanza ni wa anwani, wa pili Format wa ukubwa na nafasi ya maandishi, wa tatu Printer. Huu wa tatu una vipicha vinavyoonyesha bahasha inaingia kwa upande gani na inaegemea wapi. Kila printa ina tabia yake. Chukua karatasi ya kawaida, weka alama ya penseli kwenye kona ya juu kulia, iingize kama unavyotaka kuingiza bahasha, chapa, kisha angalia alama imetokea wapi. Utajua papo hapo uso uko juu au chini na kichwa kiko upande gani. Chagua kipicha kinacholingana, na weka ukubwa ule ule kwenye mipangilio ya printa yenyewe, la sivyo programu itadhani ni DL na printa itadhani ni A4.

Majina yakiwa mengi, usiyaandike moja moja. Fungua Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, mstari wa kwanza uwe vichwa vya safu: Heshima, Jina, Mtaa, SLP, Msimbo, Mji. Safu ya Heshima msiidharau. Hapa Lamu kumwandikia Maalim au Sharifu kwa jina tupu ni kuanza harusi kwa lawama. Mtaa nao ndio anwani kwa bahasha zitakazopelekwa kwa mkono, Mkomani, Langoni, Shela, Matondoni. Sanduku la posta ni kwa ndugu walio mbali. Andika S.L.P. ndani ya seli pamoja na namba, usiiandike kwenye bahasha, vinginevyo kila mwalikwa wa Mkomani ataona S.L.P. inaning'inia bila namba.

Kisha kuna sifuri za safu ya Msimbo, yaani msimbo wa posta. Lamu ni 80500, Malindi 80200, Mombasa 80100, hizo hazina taabu. Nairobi ni 00100, na Calc ikiiona itadhani ni namba ya hesabu, itaondoa sifuri mbili na kukuachia 100. Chagua safu nzima uifanye Text kabla ya kuandika chochote. Ukiibadilisha baadaye sifuri hazirudi, utaziandika upya.

Hifadhi faili, kisha nenda File, Wizards, Address Data Source, chagua chanzo cha nje, uielekeze kwenye faili lako la Calc na ulipe jina. Tangu hapo litaonekana kwenye Database ndani ya dirisha la Labels na la Envelope pia. Chagua jedwali, chagua safu, bonyeza mshale kuiingiza, na ubonyeze Enter kati ya mstari na mstari. Wakati wa kuchapa utaulizwa kama unataka form letter, yaani hati inayojazwa majina kutoka kwenye jedwali, jibu Yes. Kabla ya kutuma printa, chagua File ili zote zitoke kama hati moja. Isome hati hiyo pamoja na mama wa bibi harusi. Yeye atayaona makosa ya majina ambayo kompyuta haitayaona kamwe.

Kama ni leza, fungua mlango wa nyuma ikiwa unao, bahasha ipite moja kwa moja bila kupindwa. Ziingize chache chache. Zenye dirisha la plastiki usiziingize kabisa. Na hewa yetu ya baharini hulainisha gundi ya mdomo, halafu joto la leza linamalizia: bahasha inatoka imejifunga yenyewe, tupu. Ziweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi saa ya kuchapa, na lebo vilevile, maana karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja na kukwama.

Karatasi ya lebo iliyotumika nusu, kwa printa ya wino unaweza kuirudisha: kwenye Options chagua Single label, taja Column na Row ya lebo iliyobaki, nayo itachapwa hiyo peke yake. Kwa leza usiirudishe. Pale lebo zilipobanduliwa huenda gundi imebaki, na kingo za jirani zake zimeshalegea. Zilizobaki ziandike kwa kalamu, ubandike kwenye makopo ya jikoni.