Je, wajua kwa nini redio ya mtandaoni inakata pale watu wanapozidi?

Chukulia kwaya moja ya Tukuyu imeamua kurusha ibada laivu, wana laptopu, mikseta ndogo na modemu ya laini ya simu, basi. Jumapili za kawaida wasikilizaji kumi na kitu, safi kabisa. Ikaja Pasaka, ndugu wa Dar, Tunduma mpaka Muscat wote wakafungua linki kwa mpigo, strimu ikaanza kuzunguka tu na wengine hata hawakuingia. Hapo kila mtu analaumu mvua ya Tukuyu, maskini mvua, mara nyingi haihusiki kabisa.

Iko hivi wadau. Mnara wa FM unarusha mara moja tu, wakisikiliza watano au laki tano kwake ni kazi ile ile. Mtandaoni kila anayefungua linki anapewa nakala yake peke yake. Laptopu ya Tukuyu inapandisha nakala moja tu, yenye bitreti (kiasi cha data kwa sekunde) ya kbps 128, hata modemu ya kawaida inaiweza, halafu seva ya hosti, yaani kampuni unayoilipa ikurushie strimu, ndo inamgawia kila mmoja ya kwake. Watu 100 maana yake seva inatoa kama Mbps 12.8 muda wote bila kupumzika. Ikizidiwa hapo, hata ufunge faiba kanisani haisaidii kitu.

Ndo maana cha kwanza kumuuliza hosti ni sloti ngapi, yaani watu wangapi kwa wakati mmoja. Ukinunua sloti 25, mtu wa 26 anakataliwa mlangoni, na usipige hesabu kwa wastani wa wiki, piga kwa siku ile ya Pasaka.

Cha pili ni bando la mwezi la hiyo seva, na hapa ndo wengi wanapigwa. Kbps 128 inakula karibu MB 57.6 kwa saa kwa kila msikilizaji, sasa watu 50 wakisikiliza saa tatu kila siku, mwezi mzima unafika kama GB 259, kwa hiyo ile pakeji ya GB 100 inakata roho kabla hata wiki ya pili haijaisha. Shusha mpaka kbps 48 kwa AAC+ (njia ya kubana sauti) hesabu ile ile inakuwa kama GB 97, unaingia, na sauti kwa mahubiri na mazungumzo bado iko poa tu, muziki ndo utasikia tofauti kidogo. Na msikilizaji wa Makambako anayetumia bando la buku atakushukuru. Wakikwambia "anlimitedi" omba masharti yao usome, kikomo huwa kimejificha humo.

Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99 inasikika tamu, lakini ni ruhusa ya kuzima zaidi ya saa saba kwa mwezi. Asilimia 99.9 ni kama dakika 43. Tofauti kubwa hiyo.

Kuhusu seva iko nchi gani, mi naona watu wanahangaika sana bure. Redio ikichelewa sekunde chache haina shida, Icecast yenyewe, programu ya seva ya kurushia redio, ikiwa kwenye mipangilio yake ya kawaida inakurushia kilobaiti 64 mwanzoni ili pleya iwe na akiba. Ila Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya, siku kama hiyo msikilizaji wa Mbeya haipati vizuri seva iliyoko Ulaya.

Kwa sisi wa nyanda za juu naweka mbele kitu kingine kabisa: autodijei. Umeme ukikatika Uyole, laptopu na modemu vinazima, strimu inakufa, na msikilizaji akishafunga harudi. Hosti mwenye autodijei anaanza kupiga nyimbo ulizopandisha kwenye seva mpaka urudi. Asiye nayo simchukui hata awe rahisi vipi.

Kabla hujalipa mwaka mzima lipa mwezi mmoja, wapange washkaji wa Mafinga, Njombe na Dar wafungue pamoja saa mbili usiku, halafu usiku huo huo watumie hosti swali uone wanajibu saa ngapi. Hakikisha pia linki inaanza na https, la sivyo brauza nyingi zinaweza kugoma kuipiga ndani ya tovuti yako. Leseni ya TCRA ya redio ya mtandaoni unaifuata mwenyewe, hiyo haimo kwenye pakeji ya mtu yeyote.