Bendi Nyingi za Nini? Ikwalaiza ya Mwimbaji Jukwaani

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mwenyekiti wa kwaya: "Fundi, tunataka ile ikwalaiza ya parametriki yenye bendi nyingi, maiki zikome kulia mluzi." Michango tayari imeshakusanywa. Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Bendi, yaani sehemu za masafa unazorekebisha kila moja peke yake, zikiwa nyingi si ubora. Kwa sauti ya mtu mmoja nne zinatosha, mradi kuna kichujio cha besi. Kichujio kwanza: 100 Hz, kwa sauti nyembamba panda hadi 150, uondoe vishindo vya stendi na lile besi linalofura mwimbaji akibandika mdomo kwenye maiki. Kisha punguza kidogo kati ya 200 na 400, punguza makali kati ya 2 na 4 kHz, basi. Mikisa ya dijitali ya Behringer X32 ina bendi nne kwa kila chaneli, na mara nyingi ya nne naiacha imelala.

Kinachonikera ni Q, ile namba ya upana wa bendi: ikipanda, bendi inakuwa nyembamba. Muuzaji atakutajia bendi, atakutajia desibeli, Q hagusi. Mhandisi wa sauti George Massenburg alipowasilisha parametriki mbele ya AES, chama cha wahandisi wa sauti, mwaka 1972, maana yake ilikuwa hiyo: masafa, geini (kiasi cha kupandisha au kukata) na upana, kila kimoja na kizungusho chake. Mikisa ndogo ambayo bendi yake ya masafa ya kati unaisogeza lakini upana umefungwa kiwandani ni nusu parametriki, hata boksi liseme nini. Q ya 1.4 ni kama oktavi nzima, 4.3 ni theluthi ya oktavi, sawa na bendi moja ya ikwalaiza ya grafiki yenye vitelezi 31. Ukipata kuanzia 0.5 hadi 10, umemaliza.

Halafu Q 2 ya chombo hiki si lazima iwe Q 2 ya kile. Kuna wanaopima upana pale mkunjo unapofika desibeli 3, kuna wanaopima kwenye nusu ya geini uliyoweka. Na kuna vyombo ambavyo upana hubadilika kadiri unavyozungusha geini: ukikata 3 ni pana, ukikata 12 umebaki mwembamba. Kwa hiyo kijana anayenakili mipangilio ya YouTube ananakili namba tu, umbo linabaki kulekule. Ndiyo maana anaapa kwamba mikisa yake ni mbovu.

Na maiki kulia? Maiki ya Shure SM58 ni kadioidi, yaani husikia zaidi mbele, nyuma kabisa ndiko isikosikia vizuri, kwa hiyo monita, spika ya mwimbaji, ikae huko. MC akikifumbata kichwa cha maiki, njia za nyuma zinaziba, inasikia pande zote, na hakuna Q ya kukuokoa. Ukipandisha 3 kHz desibeli 6 "ili maneno yasikike", umekula desibeli 6 za nafasi uliyokuwa nayo palepale kabla ya mluzi kuanza. Umenunua mluzi kwa fedha ya kwaya! Mikato myembamba inasaidia, ila mwimbaji akihama au ukumbi ukijaa watu na joto, mluzi nao unahama.

Analogi au dijitali? Hapa sijigambi. Hesabu inasema maumbo mawili yanayofanana hutoa sauti ileile, nami naiamini. Lakini kuna chombo kimoja cha analogi ambacho nikikata 300 mwimbaji anasogea mbele kuliko nilivyotarajia. Huenda nasikia bei yake.

Dukani nenda na maiki yenu na mwimbaji wenu, si wimbo wa kwenye simu. Bana Q, pandisha geini, zungusha masafa taratibu hadi upate panapoudhi, kisha kata. Mwenzako awe anawasha na kuzima ikwalaiza nawe umegeuka, sauti ikiwa kiwango kilekile, maana kilichozidi desibeli moja tu sikio litakipenda. Kisichokuwa na kitufe cha kuizima, warudishie.