Chumvi haimaanishi pH 7

Nikisahihisha ripoti za titresheni (kuongeza besi kidogo kidogo kwenye asidi hadi zimalizane), kuna sentensi ninayokutana nayo kila mara: "Asidi na besi zimemalizana, kwa hiyo pH ni 7." pH ni kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Kwa asidi hidrokloriki na sodiamu hidroksidi, ni kweli. Sasa weka asidi asetiki mahali pa hidrokloriki. Changanya ujazo sawa wa asidi hiyo na sodiamu hidroksidi, kila moja ikiwa na moli 0.2 kwa lita. Hakuna kilichozidi, umebaki na maji yenye chumvi iitwayo sodiamu asetati, moli 0.1 kwa lita. Chovya kipima-pH: kitasoma karibu 8.9, yaani upande wa besi, wenye hidroksidi (OH⁻) nyingi kuliko maji safi.

Hidroksidi hiyo imetoka wapi, na besi imeshatumika yote? Imetoka kwenye maji. Asidi dhaifu ina mkono wa birika, haiachii protoni yake (H⁺) kirahisi. Besi kali ikishamnyang'anya, ayoni (chembe yenye chaji) ya asetati inayobaki hutafuta protoni nyingine, na iliyo karibu ni ya molekuli ya maji. Ikiichukua, molekuli ile inabaki hidroksidi.

Zinazofanikiwa ni chache mno: ayoni moja hivi katika kila 13,000. Huwa nawataka wanafunzi waikokotoe namba hii wenyewe, maana hapo ndipo pH inapoeleweka. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, maji safi yana moli 0.0000001 tu za hidroksidi kwa lita, hivyo hata uchache ule unaiongeza hidroksidi hadi takriban mara 75. Na katika kipimo hiki cha pH, alichokipendekeza mkemia Søren Sørensen mwaka 1909, kila hatua moja ni mara kumi. Mara 75 ni karibu hatua mbili. Ndiyo maana titresheni hii tunaifanya kwa fenolfthalini, kiashiria kinachoanza kugeuka rangi pH ikipita 8.

Amoniamu kloridi huenda upande wa pili: amoniamu huyapa maji protoni, na pH, kwa moli zilezile 0.1 kwa lita, hushuka hadi 5.1 hivi. Kloridi haijishughulishi, kwani imezaliwa na asidi kali. Amoniamu asetati hukaa karibu na 7, ingawa ayoni zake zote mbili zinavutana na maji. Nguvu zao zinalingana tu.

Inayowashangaza wengi ni alumini kloridi. Ayoni ya alumini haina protoni hata moja ya kutoa, lakini myeyusho wake wa moli 0.1 kwa lita una pH ya karibu 3. Ayoni hiyo huzungukwa na molekuli sita za maji, na chaji yake ya +3 huzivuta elektroni zao kwa nguvu hadi maji yenyewe yanaachia protoni.