Nyumba Haikauki Kama Mto

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, nilimkuta kijana akikunja mpira wa pampu nje ya nyumba moja ya mawe kule Nyalenda, hapa Kisumu. Mto Auji ulikuwa umemwagika usiku, na sebuleni maji yalikuwa yamefika magotini. Sasa sakafu ilionekana, imepigwa deki, inang'aa. Kijana akamwambia mama mwenye nyumba, "Mama, kazi imeisha. Nyumba imekauka." Mama akashukuru, akamlipa, akawaita watoto warudishe magodoro.

Mimi kazi yangu ni plasta na rangi, na nilikuwa nimeitwa kuangalia ufa. Nikaweka kiganja ukutani, kama shubiri moja juu ya mstari wa matope. Ukuta ulikuwa baridi kama mtungi.

Neno hili "imekauka" nimelisikia likisemwa hivi mara nyingi mno, kwa wapangaji, kwa wenye nyumba, na kwa mafundi wenzangu ambao wangepaswa kujua. Kwa hiyo niseme maana yake mapema. Kukausha nyumba iliyoingiwa na mafuriko ni kuyaondoa maji yaliyonywewa na kuta, sakafu, mbao na hewa ya ndani, mpaka unyevu wa vitu hivyo ukaribie ule wa sehemu ya nyumba hiyohiyo ambayo haikuguswa, na jambo hilo lithibitishwe kwa kipimo. Kutoa maji ni kazi nyingine. Inatangulia, na haiwezi kuchukua nafasi ya ile inayofuata.

Chanzo cha mkanganyiko, nadhani, kimo ndani ya kitenzi chenyewe. Kiswahili kinasema shati limekauka, na kinasema mto umekauka, kwa neno lilelile. Shati likikauka, maji yametoka ndani ya uzi. Mto ukikauka, macho hayaoni maji tena, basi. Nenda Kitui au Makueni wakati wa kiangazi. Watu watakwambia mto umekauka, na katikati ya mto huohuo utamkuta mama amepiga magoti kando ya shimo la mchanga, anateka maji kwa kikombe na kuyamimina mtungini. Hakuna aliyedanganya. Juu hakuna maji, chini yapo, na lugha imekubali kuuita mto huo mkavu kwa sababu ya kile kinachoonekana juu.

Kijana wa pampu aliiona nyumba kama mto. Mama yule alihitaji nyumba iliyokauka kama shati.

Kuna jambo jingine la kisarufi ambalo watu hulipita haraka. Kauka na kausha ni jozi, kama ilivyo anguka na angusha, chemka na chemsha, amka na amsha. Kwenye "-ka" jambo linatokea lenyewe. Kwenye "-sha" yupo aliyelitenda, na yupo wa kuulizwa. Nyumba iliyoachwa wazi itakauka yenyewe siku moja, sikatai. Lakini mtu anayelipwa kwa kukausha ameichukua ile "-sha" mabegani mwake, na hawezi kurudi kusema jua litamalizia. Haraka yenyewe ina sababu: kuvu huanza kuota kwenye vitu vilivyolowa ndani ya saa 24 hadi 48. Nani asiyejua harufu ile ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni? Chipubodi, dari ya jipsamu, godoro na kapeti hupata harufu hiyo siku ya pili au ya tatu, na baada ya hapo vifua vya watoto huanza kulalamika. Kavu na kuvu zinatenganishwa na irabu moja, na nyumbani zinatenganishwa na siku mbili.

Turudi kwenye ule ubaridi wa mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu udongo wa mtungi una vinyweleo. Maji hupenya taratibu hadi nje, yanageuka mvuke, na mvuke unapoondoka huondoka na joto. Mtungi mpya unaotoka jasho vizuri ndio unaopoza vizuri. Ukuta uliokunywa mafuriko hufanya vivyo hivyo. Ukiushika ukausikia baridi kuliko ukuta wa chumba cha jirani ambacho hakikuingiwa na maji, jua unatoka jasho, yaani bado una maji ya kutoa. Wala usiamini mstari wa matope. Mstari huo unaonyesha maji yalisimama wapi, hauonyeshi yalipanda mpaka wapi. Chovya ncha ya andazi kwenye chai, uangalie chai inavyopanda kwenye sehemu ambayo hukuichovya. Plasta na matofali hupandisha maji kwa namna hiyohiyo, hata siku ambazo sakafu ishapigwa deki mara tatu.

Sisi mafundi tuna neno zuri kuliko "imekauka" na "imelowa": tunasema ukuta bado mbichi. Neno hilo linatoka jikoni kwenye kuni. Kuni mbichi ukizishika mkono haulowi. Huwezi kuziita zimelowa. Lakini zitie motoni uone zinavyofoka povu kwenye ncha na kulijaza moshi jiko zima. Ukuta ulioingiwa na maji, wiki ya kwanza na ya pili, huwa na ubichi huo, na ningefurahi neno hili litoke kwa mafundi liingie vinywani mwa wapangaji. Mwenye nyumba akisema "imekauka", mpangaji aulize, "Lakini si bado mbichi?" Swali hilo halina ukali, na haliwezi kujibiwa kwa kuonyesha sakafu.

Na neno mafuriko lenyewe linatukumbusha. Linatokana na furika, na furika ni mtoto wa fura, yaani kuvimba. Mtu hufura kwa hasira, uso hufura kwa kuumwa na nyuki. Tunadhani kinachovimba ni mto peke yake, kumbe vinavyovimba ni vingi. Mlango wa mbao hufura ukakataa kufunga. Kabati la chipubodi hufura miguuni na halirudi tena katika umbo lake. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, kuanzia Nyamasaria kuelekea Ahero, hufura unapokunywa maji na husinyaa unapoyapoteza, na nyumba iliyojengwa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kidogokidogo mpaka ukuta upasuke. Ule ufa niliokwenda kuuangalia nadhani ulianzia huko chini. Kuuziba siku ile kungekuwa wizi wa pesa za mama wa watu, kwa sababu udongo ulikuwa haujamaliza kusinyaa.

Nimesikia pia watu wakisema kwamba huu ufundi wa kukausha nyumba ni mambo ya pwani. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu neno pwani lina somo ndani yake. Pwani ni pwa na -ni: mahali ambapo maji hupwa. Mombasa na Lamu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Maji yaliyopanda mchana yanajulikana yatashuka saa ngapi, na mwenye nyumba hupanga kazi yake kwa kuangalia bamvua, yaani majira ya maji makuu. Ziwa letu, Victoria, halipwi. Maji yake hutoka kwa njia mbili tu kubwa, kupaa kama mvuke na kumwagika kwenye mto Nile pale Jinja, Uganda, na zote mbili ni za polepole. Mei 2020 kipimo cha kimo cha ziwa pale Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita kidogo rekodi ya mita 13.41 ya Mei 1964, na watu wa Dunga, ufukweni hapa Kisumu, waliosubiri ziwa lirudi mahali pake walisubiri miezi. Budalang'i, kule Busia, hali ni hiyohiyo mto Nzoia ukivunja kingo. Kwa hiyo sisi ndio tunaohitaji zaidi kujua maana ya kukausha, maana maji yetu hayana saa ya kuondoka.

Pwani wana mzigo wao ambao sisi hatuna, na ni haki kuutaja. Maji ya bahari huacha chumvi ndani ya ukuta, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Umeona kibakuli cha chumvi kikiachwa wazi msimu wa mvua kinavyolowa bila kumwagiwa kitu. Ukuta wenye chumvi hukauka leo, kesho asubuhi umelowa tena. Huko lazima waanze kwa kuosha kwa maji yasiyo na chumvi, kisha ndipo wakaushe. Atakayeleta mtindo huo Nyalenda atakuwa anatibu ugonjwa ambao hatuna. Wetu ni uchafu. Maji yetu ya mafuriko yamepitia vyoo vya shimo, mitaro na zizi la ng'ombe. Kiwango cha S500 cha IICRC, taasisi ya Marekani ya mambo ya usafi na ukarabati wa majengo, kinachofuatwa na wengi wa fani hii, hugawa maji katika makundi matatu, na mafuriko ya mto huyaweka kundi la 3, lililo chafu kuliko yote. Maana yake, kabla ya kukausha kuna kuosha na kuua vijidudu, na godoro lililolowa halirudishwi ndani hata likianikwa wiki nzima juani. Yule mama alikuwa anarudisha magodoro. Nilimwambia kwa upole, na aliumia, kwa sababu godoro ni pesa.

Kazi yenyewe inakwendaje? Stima huzimwa kabla mtu hajakanyaga maji. Maji hutolewa, matope hukokotwa yakiwa bado laini, kuta huoshwa kwa sabuni kisha dawa ya klorini. Plasta iliyolegea na ubao uliofura hutolewa ili ukuta upumue. Halafu feni huwekwa chini kabisa, zikipuliza sambamba na ukuta, na pale penye uwezo huwekwa mashine ya kunyonya unyevu. Mashine hiyo hupitisha hewa kwenye bomba baridi, na unyevu hugeuka matone kama yale yanayotoka nje ya chupa ya soda baridi, kisha huchuruzika ndooni. Kufungua madirisha kunasaidia hewa ya nje ikiwa kavu kuliko ya ndani. Usiku wa mvua ya Aprili hapa Kisumu haiko hivyo, na kufungua ni kuukaribisha unyevu mwingine. Na jiko la makaa lisiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kisingizio cha kukausha. Moshi wake hata usipoonekana una kaboni monoksidi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Pampu ya petroli au jenereta ndani ya chumba ni hatari ileile.

Feni na mashine hupatikana kwa wachache, najua. Kipimo je? Mafundi wa kazi hii hutumia kipimaunyevu chenye pini mbili zinazochomekwa kwenye ubao. Mbao ikibaki juu ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu la kuozesha lina pa kuishi. Lakini kuna njia isiyohitaji kifaa. Kata kipande cha nailoni inayoonyesha, ukubwa wa sinia, ukibandike sakafuni au ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, hewa isipite. Kiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, au pale chini pamegeuka rangi na kuwa pa giza, nyumba bado mbichi. Kibandue, ngoja siku kadhaa, rudia.

Kwenye nyumba ya mama nilibandika vipande viwili. Kesho yake cha ukutani kilikuwa na matone makubwa kiasi kwamba nilipokikunja yalikusanyika na kunichuruzikia kwenye kifundo cha mkono. Nyuma yake palikuwa na rangi ya mafuta, ile tunayopaka nusu ya chini ya ukuta ili uoshwe kwa urahisi, na ilikuwa imeanza kutoa malengelenge. Nililitoboa moja kwa ncha ya mwiko, maji yakatoka. Rangi ya aina hiyo juu ya ukuta mbichi ni kama kufunika sufuria. Ndiyo maana nakataa kupaka mapema, hata mwenye nyumba akiniongeza pesa, na hata mpangaji mpya akiwa mlangoni na mizigo yake. Ili mtu aelewe zege lilivyo zito kuachia maji, mafundi hukadiria kwamba zege jipya hukauka unene wa kama milimita 25 kwa mwezi. Sakafu ya milimita 100 utaihesabu mwenyewe.

Yule kijana wa pampu tulikutana tena wiki mbili baadaye, kwenye hadiwea. Ni mchapakazi, na pampu yake imeokoa nyumba nyingi. Bila yeye mimi nisingekuwa na ukuta wa kuushika. Amebandika kibao kwenye mkokoteni wake: "Tunatoa maji na kukausha nyumba." Nikamwambia, "Ndugu yangu, maneno yako yote ni mazuri, sitaki ufute hata moja. Ila pale ulipoandika 'na', andika 'kisha'." Akakiangalia kibao kwa muda, akaniuliza hizo nailoni nanunua wapi.