Kisanduku Umekificha, Lita 40 Ziko Pale Pale

Juzi alasiri kijana mmoja alinijia na kompyuta yake, akaifungua barazani kabla hata hajamaliza kuniamkia. Ni karani wa chama kimoja cha wavuvi hapa Amu, na fomu ya kusajili vyombo ameitengeneza mwenyewe kwa Microsoft Access, programu ya kutunza hifadhidata. "Kaka, ripoti ya mafuta imeingia wazimu," akasema. Nikaangalia. Mstari wa tatu ni dau la tanga, na kwenye safu ya lita za petroli kwa wiki pameandikwa 40. Nikamuuliza dau hilo limeanza lini kunywa mafuta. Akanijibu kama mtu aliyeonewa: "Lakini si nimekificha hicho kisanduku cha lita, chombo kikiwa cha tanga?"

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno. Nimelisikia kwa mtu wa nyumba ya wageni, nikalisikia kwa mtu wa zahanati, na wote ni watu wenye akili zao. Nimechoka kulijibu mdomo kwa mdomo. Naandika mara moja, na atakayekuja tena nitampa asome kwanza, kisha tuzungumze.

Kuficha kisanduku ni kazi ya macho, basi. Kisanduku kiko kwenye fomu, safu iko kwenye jedwali, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali hata kama umevipa jina moja. Ukikiambia kisanduku kisionekane, jedwali halina habari. Nyumba zetu za kale zina zidaka ukutani. Ukivuta pazia mbele yake, bakuli la kauri halijaondoka mahali pake. Na ripoti haipiti mlango wa fomu. Inaingia moja kwa moja kwenye jedwali, huko ambako hakuna pazia.

Tulirudi nyuma hatua kwa hatua hadi tukajua zile 40 zimeingiaje. Karani alikuwa akimhoji nahodha, akachagua "mashua ya mashine" kwenye orodha. Kisanduku cha lita kikajitokeza, akaandika 40. Nahodha akamwambia la, hili ni dau la tanga. Karani akarudi kwenye orodha akabadilisha, kisanduku kikatoweka, naye akaona kazi imenyooka. Akahifadhi. Wakati huo 40 zilikuwa zimekaa ndani ya kisanduku kile kile kisichoonekana, na Access ikaziandika kwenye jedwali kama ilivyotakiwa. Hakuna kilichoharibika. Programu imefanya kila ilichoambiwa.

Upande wa kuficha kwenyewe sina mengi. Amri iwekwe mahali pawili: kwenye AfterUpdate ya orodha, inayoamka uchaguzi ukibadilika, na kwenye Current ya fomu, inayoamka ukihamia rekodi. Wengi huweka pale pa kwanza tu, kisha wakihamia rekodi nyingine wanashangaa kisanduku kimebaki na hali ya rekodi iliyopita. Andika utaratibu mmoja, uuite kutoka kote kuwili. Huwezi kuficha kisanduku ambacho kielekezi cha kuandikia kimo ndani yake. Access itakugomea kwa kosa nambari 2165, kwa hiyo hamisha kielekezi kwanza. Kwenye fomu inayoonyesha rekodi nyingi mstari chini ya mstari, ukikificha kisanduku kimoja umekificha kwenye mistari yote. Hapo kizime kwa uumbizaji wenye masharti (Conditional Formatting). Na rekodi mpya ambayo bado hujachagua kitu ina NULL, yaani patupu, si sifuri wala neno; ukiilinganisha na neno lolote jibu ni NULL, na Visible, ile sifa ya kuonyesha au kuficha, haikubali NULL, ndiyo maana unapata kosa 94. Zungushia Nz, inayogeuza NULL kuwa thamani ya kawaida. Hayo yameisha.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe, ambalo hakuna aliyeniuliza hata siku moja kabla ya ripoti kuharibika: mtu akibadilisha uchaguzi, kile alichokwisha kuandika kiende wapi?

Jibu la kwanza analolitoa kila mtu ni kufuta. Chaguo likigeuka, kisanduku kifichwe na thamani yake iwe NULL hapo hapo. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka kadhaa. Kisha siku moja nikakaa kando ya karani mwingine, nikamwangalia anavyofanya kazi. Alikuwa amejaza mambo ya mashine yote: nguvu, aina ya mafuta, lita, nambari ya mashine iliyochongwa kwenye chuma na kufutika nusu, ambayo mwenye chombo alikuwa ameisoma kwa tochi. Kidole kikateleza kwenye orodha, ikaingia "mtumbwi". Akarudisha "mashua" papo hapo, lakini visanduku vilirudi vitupu vyote. Mwenye chombo alikuwa ameshaondoka na tochi yake. Tangu siku hiyo siwezi tena kusema "futa hapo hapo" kwa moyo mmoja.

Njia ninayoipenda zaidi ni ile ya fomu za ODK na KoboToolbox, programu za kukusanya takwimu ambazo watu wengi wa mashirika wanazijua. Kule unaandika sharti kwenye safu iitwayo relevant, na swali likikosa sharti linajificha. Ukiwa bado umo ndani ya fomu, ukigeuza jibu na kulirudisha, ulichoandika unakikuta. Unapokamilisha fomu ndipo majibu ya maswali yaliyojificha yanaondolewa. Wazo hili si geni: limo kwenye XForms, kanuni za fomu zilizopitishwa mwaka 2003 na W3C, shirika la viwango vya intaneti, kwamba kisichohusika hakipelekwi. Kwenye Access unaweza kulifuata kwa kuweka amri ya kufuta kwenye BeforeUpdate ya fomu, yaani dakika ya mwisho kabla rekodi haijahifadhiwa. Karani akiteleza ana nafasi ya kurudi. Akihifadhi, jedwali linabaki safi.

Hata hivyo kuna hali ambayo sijapata ufumbuzi wake. Rekodi ya zamani. Chombo kilisajiliwa mwaka juzi kikiwa na mashine, leo mwenyewe anakuja kusema mashine ameiuza. Karani anageuza uchaguzi, na BeforeUpdate inafuta nguvu za mashine, nambari yake na lita zake. Lakini hayo hayakuwa makosa! Yalikuwa kweli kwa mwaka mzima, na mtu wa ripoti ya mwaka huo atayataka. Kosa la kuandika na mabadiliko ya dunia yanafika kwenye fomu kwa mlango mmoja, kwa kubofya kule kule, na fomu haina njia ya kuyapambanua. Kwenye kazi kubwa ninatenga jedwali la mashine lenye tarehe mashine ilipofungwa chomboni na tarehe ilipofunguliwa ikaondolewa. Kwenye kazi ndogo ya chama chenye kompyuta moja, jedwali la pili linamchanganya karani, na karani aliyechanganyikiwa huandika uongo. Hapo nimewahi kukata shauri huku, nikawahi kukata kule, na bado sijui ni wapi nilipokata vizuri.

Liko na kosa la pili ambalo ni ndugu wa lile la 40, nalo ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Kisanduku cha lita kilikuwa kimewekewa 0 kama thamani ya mwanzo. Thamani ya mwanzo inaingia kwenye rekodi mpya hata kama kisanduku hakijaonekana kamwe. Kwa hiyo kila mtumbwi wa kafi na kila dau la tanga lilikuwa na 0 kwenye lita. Wewe utasema 0 ni sawa, si kweli halitumii mafuta? Basi piga wastani. Wastani hauhesabu NULL, lakini 0 unaihesabu. Chukua vyombo vinne, viwili vya mashine vyenye lita 60 kila kimoja, na viwili vya tanga. Ukiwa na NULL, wastani ni 60. Ukiwa na 0, wastani ni 30. Chama kikienda kuomba bei ya mafuta ya pamoja kwa wastani wa 30, kimejinyima nusu. Lita 40 za dau la tanga mtu ataziona, atacheka, atarekebisha. Sifuri hazionekani na mtu.

Ndiyo maana nasisitiza ulinzi uwe kwenye jedwali, na hapa naomba usinikimbie. Fomu ni mlango mmoja tu. Kesho mtu ataleta faili ya Excel ataimimina ndani, kesho kutwa mwingine ataandika moja kwa moja kwenye jedwali, na zile amri zako za AfterUpdate hazitaamka. Kwenye PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, kwa mfano, unaandika sharti: CHECK (mwendo = 'mashine' OR lita IS NULL). Yaani mwendo, safu ya kinachokiendesha chombo, uwe wa mashine, ama lita ziwe tupu. Zuri. Unajaribu kuingiza mwendo wa tanga na lita 40, hifadhidata inakataa. Unafurahi, unakwenda zako.

Sasa jaribu kuingiza lita 40 bila kuchagua mwendo. Zinaingia! Watu hunibishia hapa mpaka niwaonyeshe kwa mkono. Mwendo ni NULL, kwa hiyo "mwendo = 'mashine'" jibu lake si ndiyo wala si hapana; ni NULL. Lita si tupu, kwa hiyo upande wa pili ni hapana. NULL ama hapana ni NULL. Na sharti la CHECK hukataa pale tu jibu linapokuwa hapana; likiwa NULL linapitisha. Mlinzi umemweka, lakini akiulizwa jambo asilolijua anafungua lango. Kwa hiyo safu inayoamua, hiyo ya mwendo, lazima iwe NOT NULL, yaani isikubali kuachwa tupu. Sharti bila hiyo ni nusu ya ukuta. Na usigeuze ukaifanya safu ya lita kuwa ya lazima ukidhani unaongeza ulinzi, maana mwenye dau la tanga hataweza kuhifadhi rekodi yake, na kisanduku anachodaiwa hakioni. Kwenye kurasa za intaneti ni balaa zaidi: kisanduku cha lazima kilichofichwa kwa display: none, amri ya kuficha kitu kwenye ukurasa, kinaweza kuizuia fomu yote isitumwe bila mtumiaji kuonyeshwa neno lolote, naye atabofya "Tuma" akilaumu mtandao. Kile kisicho cha lazima kinatumwa na thamani yake kama kawaida. Usipotaka kitumwe, kizime kwa disabled, kisha hakiki tena kwenye seva.

Kuna na wale wanaoficha ili watu wasione. Mtu wa nyumba ya wageni alikuwa ameficha nambari za pasipoti ili vijana wa mapokezi wasizione, akaridhika kwamba amezilinda. Nikalihamisha jedwali kwenye Excel mbele ya macho yake, zikatoka zote. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi yako. Usichokihitaji usikiulize. Unachokihitaji kilinde kwa ruhusa za jedwali.

Lakini lililonigeuza fikira kabisa katika habari hii sikulipata kwenye kompyuta. Nilikuwa kijiji cha Matondoni, nimekaa kivulini na ami mmoja anayeunda vyombo, nikamweleza orodha yetu: mtumbwi, dau, mashua ya mashine, jahazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya ubao. Kisha akaniambia, "Mwanangu, dau na mashua ni umbo la chombo. Mashine ni kitu cha kufunga na kufungua." Nikakaa kimya. Masharti yangu yote ya kuficha na kuonyesha nilikuwa nimeyatundika kwenye swali lisilo lake. Mashua moja ina tanga na ina mashine, na nahodha anatumia ile inayomfaa siku hiyo. Dau laweza kuazima mashine. Mtumbwi una kafi, na kwenye vijito vya mikoko una pondo. Hakuna umbo linalokwambia kama kuna petroli ndani.

Tangu hapo naweka maswali mawili. La kwanza umbo la chombo, ambalo halifichi kitu. La pili kinakwenda kwa nini: kafi, pondo, tanga, mashine, na mtu anaruhusiwa kuchagua zaidi ya kimoja. Visanduku vya mashine vinategemea hili la pili peke yake. Fomu yangu ilipungua masharti kutoka tisa hadi mawili, na makarani wakaacha kubadilisha majibu kila mara, kwa kuwa swali sasa linafanana na chombo kilicho mbele yao. Mtu akiniletea fomu yenye kujificha na kujionyesha kila pembe, siku hizi siangalii amri zake kwanza. Namwomba anisomee maswali kwa sauti.

Ndipo nikamwambia yule kijana asizifute zile lita 40. Alikuwa ameshaweka kidole. Alizisikia kwa nahodha mwenyewe, kisha nahodha akasema ni dau la tanga, na orodha yake haikumwachia nafasi ya kuandika yote mawili. Huenda alikosea kuandika. Huenda dau lile lina mashine ya kuazima. Nahodha yuko baharini, wanasema atarudi Alhamisi bamvua likianza, na tumekubaliana kijana atamngoja pale gatini amuulize swali moja tu.