Kabla ya kukopa, hesabu maandazi

Mabinti wengi wanaokuja kwenye mafunzo yetu ya ujasiriamali hufika na swali moja: mtaji naupata wapi? Mimi huwarudishia swali, na najua linawaudhi: ile elfu hamsini ya mwanzo ilienda wapi? Maana karibu kila mmoja aliwahi kuwa nayo. Aliuza ubuyu, au barafu za vifuko, au mitumba ya watoto, miezi miwili mitatu, kisha "mtaji ukakata".

Tuchukue maandazi, biashara ambayo hata asiye na fremu anaianzia barazani kwao. Tuseme unga kilo 2 ni shilingi 4,000, mafuta nusu lita 2,500, sukari 750, hamira na iliki 500, mkaa 1,000. Jumla 8,750. Yakitoka maandazi 70 ya shilingi 200, mauzo ni 14,000 na faida 5,250. Si haba. Sasa twende jikoni. Wadogo zako wamenywea chai maandazi 6. Jirani kachukua 4, atalipa jioni, na jioni yenyewe unaijua. Hayo 10 ni shilingi 2,000, faida imebaki 3,250, na bado hujajilipa kwa kuamka saa kumi alfajiri.

Sisemi wadogo zako washinde njaa. Andazi linaloliwa nyumbani liandikwe kwenye daftari kuwa limenunuliwa, na mnunuzi ni wewe, kutoka kwenye posho uliyojipangia, hata iwe 1,500 kwa siku. Hela ya unga ikae mbali na hela yako: laini nyingine ya simu, au kibubu. Nimeona kibubu kikifanya kazi vizuri kuliko laini, kwa sababu hakitumiwi kununua bando.

Hiyo 3,250 ndiyo inayoamua kama unaweza kukopa. Katika mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu, tuseme binti anapewa 100,000, arudishe 5,000 kila siku kwa siku 26. Anaona elfu tano ni kidogo. Jumla yake ni 130,000, na faida yake ya siku haiifikii hiyo elfu tano, inapelea 1,750. Kama ile laki iliingia kwenye kodi ya chumba, pengo hilo linajazwa na hela ya unga, na kwa siku 26 ni 45,500. Elfu hamsini yake ndiyo hiyo imekwisha. Na hata ingeingia yote kwenye unga, wanywa chai wa asubuhi mtaani kwenu ni walewale.

Hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Mwombe uione. Omba na nakala ya mkataba uisomee nyumbani. Akianza kung'aka, au akitaka kadi yako ya benki abaki nayo, ondoka.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kinakwenda taratibu, lakini riba unayolipa inabaki kwenye mfuko wenu, na mkivunja mwisho wa mwaka unagawiwa kulingana na hisa zako. Mchezo, yaani kuchangiana na kupokea kwa zamu, nao unafaa kwa kununua kitu kimoja, karai kubwa au jiko la gesi, mradi mnajuana kweli. Akikimbia aliyepokea wa kwanza, hakuna wa kumdai ila nyinyi wenyewe.

Halafu kuna mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisitishwa Aprili 2023, ukarejeshwa 2024. Hutolewa kwa vikundi, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Hapa mtanisamehe kwa kusema wazi: vikundi vinavyoundwa kwa ajili ya mkopo huwa vinavunjika wiki hela inapoingia. Tafuta mabinti ambao tayari wanauza kitu, hata kama ni karanga, wekeni akiba pamoja miezi kadhaa, ndipo mwende ofisini. Na kila mmoja aende na daftari lake, pamoja na ule ukurasa wa maandazi ya jirani.